Kutoka Chakubanga hadi Abunuwasi: Gado na Hadithi ya Katuni katika Kiswahili

Utangulizi

Katika uchunguzi wa fasihi ya Kiswahili, tanzu zilizobahatika kupewa nafasi pana ni ushairi, riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Hata riwaya pendwa, ambayo kwa muda mrefu ilitazamwa kwa jicho la dharau, imekwisha kupata wahakiki wake. Leo si ajabu kukuta tasnifu inayojadili kazi za Elvis Musiba au Ben Mtobwa kwa uzito uleule unaopewa Shaaban Robert. Katuni haijapata bahati hiyo. Inasomwa kila siku, inachekwa, inakatwa na kubandikwa ukutani, kisha gazeti linafungiwa maandazi. Msomi anayelitumia gazeti hilohilo kama chanzo cha msamiati wa kisiasa huiruka picha na kwenda moja kwa moja kwenye habari.

Makala hii inachunguza kazi za msanii mmoja, Godfrey Mwampembwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Gado. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na jina lake limejengwa hasa na magazeti ya Kiingereza ya Nairobi. Shabaha si kumwandikia wasifu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Gado ni mrithi wa mkondo wa katuni ya Kiswahili uliokulia katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kwamba ufunguo wa kazi zake za miaka mingi haumo katika gazeti lolote, bali katika kitabu chake cha hadithi ya katuni kiitwacho Abunuwasi, kilichotolewa Nairobi mwaka 1996. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi historia ya katuni katika Afrika Mashariki haiwezi kuachiwa wanahabari na wanasiasa peke yao. Ni sehemu ya kazi ya idara za Kiswahili.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi mbili zitenganishwe. Neno katuni, au kibonzo kama wengine wasemavyo, hutumiwa kwa vitu viwili visivyofanana. Kuna picha moja inayotoa maoni juu ya jambo la wakati huo, na kuna mfululizo wa picha unaosimulia kisa. Katika makala hii neno katuni litatumika kwa zote mbili pale tofauti isipokuwa na umuhimu. Mfululizo unaosimulia utaitwa hadithi ya katuni.

Mtaa wa Lumumba na Kariakoo

Jiografia ya jambo hili si ya kupuuzwa. Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi na wapangaji wa mji wa enzi za ukoloni ili kutenga mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Upande wa pili wa viwanja hivyo kuna Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza. Mpakani hapo, Mtaa wa Lumumba, ndipo ilipokuwa ofisi kuu ya TANU. Gazeti la Uhuru lilikuwa sauti ya chama hicho. Kwa hiyo gazeti lililobeba katuni mashuhuri kuliko zote katika Tanzania ya Azimio la Arusha lilikuwa gazeti la chama ambacho jirani yake wa karibu alikuwa mchuuzi wa Kariakoo, mpangaji wa chumba kimoja, fundi cherehani na mpiga debe.

Katuni hiyo ni Chakubanga, kazi ya Christian Gregory. Chakubanga ni kabwela wa mjini. Si shujaa wa mapinduzi wala si mwalimu wa siasa. Ana tamaa, ana woga, anapenda starehe kuliko kazi, na mara nyingi anafanya lile ambalo tahariri ya ukurasa wa jirani inalikataza. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Gazeti la chama, katika miaka ambayo kila sanaa ilitakiwa kuhimiza ujamaa na kujitegemea, lilimpa nafasi mtu ambaye hakuwa mfano mwema hata kidogo. Maelezo rahisi ni kwamba Chakubanga alikuwa mfano wa kuonya, yaani msomaji amcheke ili asiwe kama yeye. Maelezo hayo hayatoshi. Msomaji hamcheki tu Chakubanga. Anacheka pamoja naye, kwa sababu foleni anayosimama ni foleni yake, na bei anayoilalamikia ameilipa jana.

Mipaka ya kejeli hiyo ilikuwa wazi. Waliolengwa walikuwa mtendaji mzembe, mlanguzi, mlevi, mtu aliyeitwa kupe kwa kuwa ananyonya jasho la wengine. Mtawala wa juu hakuwa shabaha. Katuni ilitazama mtaa, na ikiinua macho ilikomea kwenye dawati la karani. Mpaka huo hauna budi kukumbukwa, kwa kuwa kazi ya Gado itakuja kupimwa kwa namna alivyouvuka.

Sambamba na Uhuru lilikuwapo jarida la Sani, lililoendeleza hadithi ya katuni kwa maana yake kamili. Wahusika wake, kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe, waliingia katika mazungumzo ya kila siku hata kwa watu wasiolinunua. Majina hayo yanastahili uchunguzi wa kiisimu peke yake. Ndumilakuwili ni methali iliyofupishwa ikawa mtu. Lodi Lofa ni cheo cha Kiingereza kilichofungwa pamoja na ulofa, na maana yake imo katika mgongano huo. Miongoni mwa wachoraji waliolipa jarida hilo sura yake alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Sani lilikuwa na jambo ambalo Uhuru halikuwa nalo: halikuwa na haja ya kufundisha. Lugha yake ilikuwa ya vijiweni, na ndiyo maana walimu wengi hawakupenda kuliona darasani.

Msanii na mlipaji wake

Ulinganisho mfupi na Marekani unasaidia kuonyesha hali ya mchora katuni wa Dar es Salaam. Kule, tangu Superman alipotokea mwaka 1938, hadithi ya katuni ilikuwa bidhaa ya kampuni. Waliomtunga mhusika huyo, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake kwa dola 130. Baadaye kazi iligawanywa kama kiwandani: mmoja aliandika, mwingine alichora kwa penseli, wa tatu akapitisha wino, wa nne akaandika herufi. Malalamiko ya wasanii wa Marekani kwa hiyo yamehusu umiliki, nani anamiliki mhusika na nani anakula faida yake.

Dar es Salaam haikuwa na kampuni ya aina hiyo. Mchoraji alikuwa mtunzi, mwandishi, mpiga wino na mara nyingine mpeleka kazi ofisini kwa miguu. Mlipaji wake alikuwa gazeti, na katika sehemu kubwa ya miaka ya 1970 na 1980 magazeti ya kila siku yalikuwa mawili tu, Uhuru la chama na Daily News la serikali. Hivyo swali lake kubwa halikuwa nani anamiliki mhusika, bali nini kinaweza kuchorwa. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na mhariri yeyote alilijua hilo bila kukumbushwa.

Gado alianza kuchapisha katuni katika magazeti ya Tanzania katikati ya miaka ya 1980, akiwa bado mwanafunzi. Ulikuwa wakati wa mpito. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na neno mlanguzi likawa la kila mdomo. Bajeti ya mwaka uliofuata ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Kariakoo, ambako jengo jipya la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilikuwa limefunguliwa mwaka 1975, ikaanza kubadilika kutoka mahali pa kutafuta kilichoadimika hadi mahali pa kuuza kila kitu. Kwa mchora katuni mabadiliko hayo yalikuwa na athari ya moja kwa moja. Wahusika wa zamani, kupe na mlanguzi, walikuwa wakipoteza uovu wao rasmi. Yule aliyechorwa jana kama adui wa taifa alikuwa mbioni kuwa mfanyabiashara anayeheshimika. Kejeli iliyotegemea orodha ya maadui iliyoandaliwa na chama isingeweza kudumu.

Baada ya shule Gado alijiunga na Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, kusomea usanifu majengo. Hakumaliza. Mwaka 1992 aliacha masomo akaenda Nairobi kuajiriwa na gazeti la Daily Nation. Alikuwa na umri wa miaka 22 au 23.

Tarehe hiyo ina kinaya chake. Mwaka huohuo wa 1992, mwezi Julai, Tanzania ilirudisha kisheria mfumo wa vyama vingi, na katika miaka michache iliyofuata magazeti ya watu binafsi ya Kiswahili yakamea kama uyoga. Uwanja aliouacha Gado ukajaa watu: James Gayo na mhusika wake Kingo, Ali Masoud na Kipanya wake, Nathan Mpangala na wengine. Hao ndio walioendeleza katuni katika Kiswahili. Gado aliondoka mlango ukiwa unafunguliwa. Lakini haielekei kuwa ni sahihi kusema alikosea hesabu. Kule alikokwenda aliweza kufanya jambo ambalo Dar es Salaam ya wakati ule isingemruhusu.

Kumchora mtawala

Nchini Kenya kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kilifutwa mwezi Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992. Katika kipindi hicho wachora katuni wa Nairobi walianza kumchora Rais Daniel arap Moi waziwazi. Hatua hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa msomaji wa leo. Haikuwa ndogo. Kwa zaidi ya muongo mmoja picha ya Rais ilikuwa imetundikwa katika kila duka na kila ofisi. Kulikuwa na picha moja tu halali ya uso wake, na katuni ilileta ya pili. Rungu alilolibeba Moi kama alama ya mamlaka likawa, mikononi mwa wachoraji, kitu cha kuchekesha: lilikuzwa, lilizungushwa, likamsemea mwenyewe kabla hajafungua kinywa.

Mbinu hii ya kushika kitu kimoja cha mtawala na kukifanya kiseme ndiyo iliyokuja kuwa saini ya Gado. Mfano unaojulikana sana ni wa baada ya uchaguzi wa Kenya wa Machi 2013. Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague. Gado aliwachora wakiwa na mnyororo mguuni wenye tufe la chuma, mara kwa mara, hata katika picha ambayo habari yake haikuhusu mahakama. Mnyororo haukuelezwa, ulikuwapo tu, kama kivumishi kilichogandana na nomino yake.

Mchunguzi wa fasihi simulizi hatashindwa kuitambua mbinu hiyo. Msimulizi wa ngano humpa mhusika sifa moja isiyobadilika, na sifa hiyo hurudi kila anapotajwa. Fisi ni mlafi kabla hajafanya lolote. Sungura ni mjanja hata akiwa amelala. Katuni ya Gado katika gazeti la Kiingereza imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo ya urudiaji, na msomaji aliyelelewa na ngano huisoma bila kufundishwa.

Abunuwasi

Mwaka 1996 shirika la uchapishaji la Sasa Sema lilianza kazi Nairobi. Mwanzilishi wake alikuwa Mmarekani, Lila Luce, na lengo lake lilikuwa kutoa vitabu vya hadithi za katuni vilivyochorwa na wasanii wa Afrika Mashariki. Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, alikuwa miongoni mwa wachoraji wake. Kitabu cha Gado kilikuwa Abunuwasi, kwa Kiswahili.

Uteuzi wa mhusika huyo haukuwa wa bahati. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad aliyeishi karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, zama za Harun al-Rashid, na jina lake limo pia katika Alfu Lela Ulela. Pwani ya Afrika Mashariki ilimpokea, ikamvua ushairi wake, ikamwachia ujanja. Hekaya zake zilichapwa kwa Kiswahili katika enzi za ukoloni, zikasomwa shuleni na vizazi kadhaa, na hata mtu asiyejua kusoma amewahi kusikia kisa chake kimoja au viwili. Huenda hakuna mhusika mwingine anayemilikiwa kwa kiasi sawa na mzee wa Lamu, mwanafunzi wa Songea na mchuuzi wa Kariakoo.

Tofauti ya Abunuwasi na Chakubanga ni ya msingi. Chakubanga ni mjinga ambaye ujinga wake unafichua ubaya wa mazingira yake. Abunuwasi ni mwerevu anayejifanya mjinga, na anayefichuliwa ni mwenye nguvu: tajiri, kadhi, sultani mwenyewe. Chakubanga anakomea kwenye dawati la karani. Abunuwasi anaingia barazani. Tena silaha yake ni moja, nayo ni lugha. Haibi, hapigi, hakimbii. Huchukua neno la mwenye nguvu, akalikubali kwa ukamilifu kupita alivyokusudia msemaji, hadi mwenyewe akashindwa kulibeba.

Kisa cha sufuria kinaonyesha jambo hilo vizuri, na kinaonyesha pia kile kinachotokea hekaya inapogeuzwa kuwa picha. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani yake. Anairudisha pamoja na kisufuria, akisema imezaa. Jirani, kwa tamaa, anapokea vyote viwili. Mara ya pili sufuria hairudi, imekufa. Jirani anapolalamika anajibiwa kwamba aliyekubali kuzaa hana budi kukubali kufa.

Katika masimulizi ya mdomo na ya kitabu, uti wa mgongo wa kisa hiki ni kiambishi -ka-: akaenda, akaazima, akarudisha, akamwambia. Kiambishi hicho ndicho kinachofunga tukio moja na jingine na kumhakikishia msikilizaji kwamba mambo yanafuatana. Katika hadithi ya katuni kazi hiyo inachukuliwa na nafasi tupu iliyopo kati ya picha moja na inayofuata. Jicho linaporuka kutoka fremu ya kwanza hadi ya pili, limekwisha kusema -ka-. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya usimulizi hupungua hadi kubaki kijisanduku kidogo pembeni, na Kiswahili kinachosalia kwenye ukurasa ni cha wahusika wenyewe: amri, maswali, viapo, vihisishi, vitenzi vya -me- na -ta-. Hakuna utanzu mwingine wa maandishi, hata tamthilia, unaokaribia usemi wa mdomo kwa kiasi hicho. Tamthilia bado ina maelekezo ya jukwaa. Katuni inayachora.

Tanakali nazo hubadilika hadhi. Katika sentensi, pu! au chubwi! hukaa nyuma ya kitenzi, kama kikolezo tu. Katika katuni huandikwa kwa herufi nene juu ya kitu kinachoanguka, nje ya maneno ya mhusika yeyote, na kuwa sehemu ya picha. Sarufi za Kiswahili, zinazoziorodhesha tanakali mwishoni kama mabaki, zingefaidika kwa kuzitazama hapo.

Lipo pia suala la ngeli, ambalo kwa wanafunzi wa sarufi linafurahisha. Abunuwasi anasema sufuria imezaa. Hasemi amezaa. Kwa upatanisho wa kisarufi, sufuria inabaki kitu, katika ngeli yake ya vitu; ni kitenzi peke yake kinachodai uhai. Uongo umefichwa mahali padogo mno, na jirani anaupitisha kwa sababu sentensi iko sawa kabisa masikioni. Mchoraji anayekichora kisa hiki ana mtihani. Akiipa sufuria macho na mdomo, kama katuni nyingi za watoto zifanyavyo, amesema amezaa, na kisa kimekufa hapo hapo. Hana budi kuichora sufuria kama sufuria, ya bati, yenye masizi, na kuacha uhai wote uwe katika uso wa jirani anayejishawishi kuamini.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya katuni kama utanzu wa kejeli. Maneno yanaweza kukubali uongo huku picha ikikataa. Msomaji hupewa vyote viwili kwa wakati mmoja na kuachiwa kuamua. Wataalamu wa ushairi wa Kiswahili wanaijua hali hiyo kwa jina la fumbo; tofauti ni kwamba fumbo la mshairi huficha maana ndani ya neno lenyewe, na katuni huiweka maana mbele ya macho kisha ikalifanya neno liseme kinyume chake.

Gado aliyemchora Abunuwasi mwaka 1996 ni yuleyule aliyekuwa akiwachora marais kila siku katika gazeti. Mbinu ni moja. Mtawala anatamka neno, tuseme maendeleo au amani au sheria, mchoraji hambishii. Analichukua neno hilo kwa ukamilifu, analichora, na neno linamshinda aliyelisema. Ndiyo sababu inadaiwa hapa kwamba kitabu hicho ni ufunguo. Hakikuwa mapumziko ya msanii wa siasa aliyetaka kuwachekesha watoto. Kilikuwa maelezo ya kazi yake yote, yaliyotolewa kwa lugha aliyojifunzia kucheka.

Sokoni na barazani

Swali linalofuata ni kwa nini vitabu vya namna hiyo havikuongezeka. Sehemu ya jibu ni ya kiuchumi. Kitabu chenye picha kila ukurasa ni ghali kuchapa, na mzazi mwenye shilingi chache hununua kitabu cha kiada kwanza. Msomaji wa katikati ya jiji la Dar es Salaam ana desturi ya kusoma magazeti akiwa amesimama, yakiwa yametandazwa chini au kuning'inizwa kwenye kamba. Husoma vichwa vya habari na katuni, kisha huenda zake. Katuni ya picha moja inamfaa msomaji huyo kikamilifu. Hadithi ya kurasa 40 haisomeki kwa kusimama, na haipo hadharani mpaka inunuliwe. Sehemu nyingine ya jibu ni ya kitaaluma, nayo inazigusa idara zetu: kitabu kisichoingia katika mtaala, na kisichoandikiwa uhakiki, hakina njia ya kumfikia mwalimu.

Gado mwenyewe aliendelea na njia nyingine. Alipata mafunzo Italia, na mwaka 2000 alisomea uhuishaji wa picha na utengenezaji wa filamu katika Vancouver Film School, Kanada. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2009 kampuni ya Buni Media, aliyoianzisha pamoja na Marie Lora-Mungai, ilianza kurusha The XYZ Show, kipindi cha televisheni chenye vikaragosi vya wanasiasa kilichofuata mfano wa Les Guignols de l'info cha Ufaransa. Kwa mtazamo wa lugha kipindi hicho ni cha maana. Vikaragosi havikuweza kusema Kiingereza cha tahariri. Ilibidi viseme kama watu, kwa Kiswahili, Kiingereza na Sheng' kwa zamu. Kiswahili kikarudi katika kazi ya Gado kupitia mlango wa sauti.

Tukio la Januari 2015 linaurudisha mjadala Dar es Salaam. Gazeti la The EastAfrican, toleo la kila wiki la kampuni hiyohiyo ya Nation, lilichapa katuni ya Gado iliyomwonyesha Rais Jakaya Kikwete katika starehe, akizungukwa na maovu ya utawala yaliyopewa umbo la wanawake. Mwezi huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusambazwa kwa gazeti hilo nchini. Sababu iliyotolewa ni kwamba halikuwa limesajiliwa. Wanahabari wengi waliitazama katuni kuwa sababu halisi. Sheria iliyokuwapo ni ileile ya mwaka 1976.

Mbinu ya katuni yenyewe ni tashihisi, yaani dhana kupewa mwili na tabia za mtu, jambo ambalo msomaji yeyote wa tenzi amelizoea. Ulimwengu, kwa mfano, umechorwa kwa maneno kama mwanamke mwenye hila katika ushairi wa Kiswahili kwa karne nyingi. Yapo malalamiko ya haki kuhusu desturi hiyo ya kuvisha maovu umbo la kike, na Gado hawezi kuepushwa nayo. Lakini aliyeiona picha hiyo hakuhitaji kujua Kiingereza. Gazeti lilikuwa la wasomaji wachache ukilinganisha na magazeti ya Kiswahili. Picha ilisomeka na yeyote aliyepita mbele ya kamba ya muuza magazeti. Kwa mara hiyo mtoto wa Dar es Salaam alikuwa ameuvuka mpaka ambao Chakubanga hakuuvuka, na aliuvuka kutokea nje ya nchi.

Mapema mwaka 2016 ilijulikana kwamba mkataba wake na kampuni ya Nation haukuhuishwa, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuchora humo. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo, mjini Geneva, Kofi Annan alimkabidhi tuzo ya kimataifa ya wachora katuni. Aliyeipokea pamoja naye alikuwa Zunar wa Malaysia, ambaye wakati huo alikuwa akikabiliwa na mashtaka tisa ya uchochezi nchini mwake.